Ubavu Unaanzia Mgongoni

Mwezi uliopita nilikwenda zahanati kama mgonjwa. Nilikaa kwenye benchi nililoliagiza mwenyewe kwa fundi, na mguu wake mmoja ni mfupi hadi leo. Zamu yangu ilipofika, binti aliyechukua nafasi yangu alisimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Leo mimi ni mgonjwa."

Nilimweleza kwamba ni ubavu wa kulia. Maumivu yanakuja, yanakaa siku tatu, yanaondoka, halafu yanarudi palepale, kama waya wa moto uliozungushwa kutoka nyuma kuja mbele. Aliuliza maswali mazuri na kuandika kwa mwandiko unaosomeka, jambo ambalo mimi sikuliweza. Kisha akatazama vifungo vya shati langu, akatazama kalamu yake, akaniandikia vidonge vya maumivu. Nikashukuru, nikaondoka.

Sikumkasirikia. Alishindwa kumwambia mzee avue shati, na mzee naye alishindwa kuvua bila kuambiwa. Haya za namna hiyo nazifahamu vizuri. Niliwahi kuwa nazo, na mtu mwingine ndiye aliyezilipia kwa miguu yake. Ndiyo sababu nawaandikia ninyi mliobaki kazini. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea utabibu wa vijijini, nikapangiwa zahanati ya upande wa Mungaa. Nilifika juu ya lori la mashudu, nikiwa na sanduku la bati na koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi mpaka likang'aa. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ya kwetu ile inayopita katikati ya vifungo. Alizeti zilikuwa zimekauka mashambani, vichwa vimeinama vyote upande mmoja. Nilipozitazama kutoka juu ya lori niliona kama watu waliopanga foleni wakinisubiri mimi. Hata sasa, nikifumba macho mchana baada ya chakula, huwa naanzia pale, na vichwa vile havijainuka bado.

Mkuu wa zahanati alikuwa Mzee Ntandu, mtu mwembamba aliyetembea polepole kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Vifaa vyake vikubwa vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa pini iliyochomekwa kwenye ukosi wa koti, kichwa chake kimezungushiwa pamba. Cha pili kilikuwa peni ya bluu. Mpira wa kusikilizia kifua alikuwa nao, lakini aliutundika msumarini na kuutumia hasa kwa wagonjwa waliodhani bila huo hawajatibiwa.

Siku yangu ya kwanza aliingia mkulima ameshika ubavu. Kwetu kila maumivu ya ubavu ni kichomi. Mtu akibanwa na mapafu ni kichomi, akiteguka ni kichomi, akigombana na shemeji yake usiku wote, asubuhi ana kichomi. Niliweka mpira kifuani, nikasikiliza mbele na nyuma kama nilivyofundishwa, nikatangaza kwamba ni nimonia.

"Anakohoa?" Mzee Ntandu akauliza.

"Hapana."

"Ana homa?"

"Hapana."

"Basi nimonia hiyo ni yako wewe. Kifua umekisikiliza. Ubavu umeuuliza?"

"Ubavu unaulizwaje, Mzee?"

"Kwa mkono."

Akamvua yule mkulima shati, akamwambia aonyeshe kwa kidole kimoja. Akaweka alama ya peni pale. Kisha akatembeza kidole chake juu ya ubavu ule, taratibu, kutoka mbele kuzunguka kwapani mpaka nyuma, huku akigusa kwa pamba na kwa pini na kuuliza, "Hapa? Na hapa?" Kila jibu aliliwekea nukta. Mwisho mstari wa bluu ulikuwa umemzunguka mtu yule nusu mwili, mpaka kwenye uti wa mgongo. Hapo akagonga pingili kwa ngumi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayebisha hodi nyumba za mtaa mmoja akitafuta aliko mwenyeji wake.

"Mbele ndipo maumivu yalipofikia," akaniambia. "Sisi tunatafuta yalikotoka."

Baadaye, wakati tukinywa uji, alinieleza kwamba chini ya kila ubavu umelala mshipa wa fahamu, kama panya anayepita chini ya boriti ya nyumba ya tembe. Unatoka kwenye uti wa mgongo, unazunguka hadi mbele. Ukibanwa au ukiungua popote njiani, mtu atalia mbele na kushika mbele, na daktari mvivu atatibu mbele. Yule mkulima alikuwa amepura alizeti siku nne mfululizo, akawa ameumia pale ubavu unaposhikana na mgongo. Tulimpa dawa ya kuchua na siku kumi za kupumzika. Akapumzika mbili.

Miaka sita nilikaa na Mzee Ntandu, naye hakuniruhusu hata siku moja kuandika dawa ya ubavu kabla sijaona mgongo. Sheria yake ya pili ilikuwa kwamba mgonjwa asiyeandikwa kwenye rejesta hatibiwi, hata awe mwenyekiti wa kijiji anayepita tu. "Rejesta inakumbuka," alisema. "Wewe utasahau, au utajifanya umesahau." Alipostaafu aliniachia pini. Peni alisema nikanunue mwenyewe.

Baada ya hapo nilikuwa mimi mkuu wa zahanati, na nilikuwa mzuri. Nasema hivyo bila majivuno, kwa sababu uzuri ule ndio ulioniponza.

Alikuja mama mmoja kutoka Iguguno, amepitia kwa waganga wawili. Ubavuni alikuwa na chale mpya zilizosuguliwa dawa nyeusi. Alisema panawaka moto, hata kanga ikimgusa anataka kupiga kelele. Wenzangu walikuwa wameona chale tu. Mimi nilifuata ubavu, na nyuma, karibu na uti, nikakuta malengelenge madogo yamekaa kishada, ambayo wembe haukuyafikia. Ulikuwa mkanda wa jeshi. Miaka ile jina hilo lilitisha kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu watu waliliunganisha moja kwa moja na virusi vya UKIMWI, na mama yule alilia kabla sijamaliza sentensi. Nilimweleza kwamba unaweza kumpata mtu yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga, na uzee peke yake ni sababu ya kutosha, lakini kupima ni vizuri. Nikamweleza pia kwamba upele utakauka na maumivu yanaweza kubaki miezi, kwa kuwa mshipa ulioungua una kinyongo. Ikawa hivyo. Habari zikaenea kwamba kuna daktari anayeona chini ya chale.

Akaja mfugaji aliyepigwa pembe na ng'ombe miaka miwili nyuma. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya, na kila msimu wa baridi ulimbana mshipa. Akaja mzee wa mjini, mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti, anayeungua ubavu pande zote mbili bila kuanguka wala kupigwa. Huyo nilimpima mkojo, sukari ikajaa, akanikasirikia mimi kana kwamba nimeitia mwenyewe. Akaja bibi aliyeinua ndoo akasikia kitu kimevunjika mgongoni, mifupa imekuwa kama mkaa. Wote walisema kichomi. Wote niliwapitishia pini ya Mzee Ntandu mpaka nyuma. Kumbukumbu zikinijia siku hizi, haziji na nyuso. Inakuja migongo, mmoja baada ya mwingine, katika mwanga wa dirisha lile la mashariki, mingine myembamba, mingine ina alama za mizigo, yote ina mstari wa bluu. Inapita kimya kama vilima unapovitazama kutoka kwenye basi. Kuna mmoja tu ambao haupiti. Unasimama.

Mke wangu Mariamu ni mtu wa Mungaa. Mama yake simtaji jina, wala sikuwahi kulitamka alipokuwa hai. Kwa kizazi chetu mkwe haangaliwi. Tukikutana njiani, yeye aliingia pembeni mashambani na mimi nikatazama mawe. Nikienda kwao, akisikia kengele ya baiskeli yangu alikuwa anageuka palepale barazani, anakaa ameelekea ukuta, kanga ya pili amejifunika mabegani. Tulisalimiana hivyo miaka na miaka. Ningetakiwa kueleza sura yake nisingeweza. Mgongo wake ningeuchora.

Msimu mmoja wa mavuno Mariamu alirudi kutoka kwao akasema, "Mama analalamika ubavu. Unamzunguka."

Nikampelekea vidonge. Sikumwandika kwenye rejesta. Unamwandikaje mkwe, jina hutamki? Hivyo nilijiambia, na nilijiona mwenye adabu.

Miezi miwili baadaye ubavu ukarudi. Nikamwuliza Mariamu, "Kuna malengelenge?"

"Hakuna. Kuna chale tu, zimeshapona."

Hapo nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa na jibu tayari tangu Iguguno: mkanda wa jeshi umepita, chale zimefunika alama, mshipa umebaki na kinyongo. Lilikuwa jibu la mtu hodari. Nikapeleka vitamini na dawa nyingine ya maumivu, nikasema tuvumilie.

Muuguzi wetu, Nesi Tatu, mwanamke asiye na subira na watu wazima, alisikia.

"Daktari, mlete mkwe wako nimwone mimi. Mimi hajaniozesha binti."

"Ni mkanda wa jeshi tu, Nesi."

"Umeuona?"

"Nimeelezwa."

"Wengine huwa unawatibu kwa kuelezwa?"

Nikamwambia ana wagonjwa wanamsubiri. Aliniuliza tena baada ya wiki kadhaa, na mara ya tatu, na mara zote nilikuwa na neno la kumnyamazisha. Mnaweza kusema ni mila iliyonizuia. Nami nilisema hivyo kwa muda mrefu, hasa mbele ya watu. Lakini mila ilinizuia mimi peke yangu, haikumzuia Nesi Tatu, ambaye chumba chake kilikuwa hatua nane kutoka changu. Ukweli ni kwamba niliona aibu ikisemwa kijijini kwamba daktari anayeona chini ya chale ameshindwa na ubavu wa mkwe wake, hadi akamwita nesi.

Mwaka ule nilikwenda kwao mara nyingi. Huwa naliona baraza lile kama liko chini ya maji, mwanga wa jioni ya mapema umetulia juu ya ukuta wa udongo, kuku wanatembea bila sauti. Yeye amekaa kwenye kigoda, amegeuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Ubavu?"

"Upo."

"Dawa?"

"Nakunywa. Ni chungu kuliko ugonjwa."

"Utapoa, mama."

"Haya, baba. Wewe ndiye unayejua."

Niliona kwamba hageuki haraka kama zamani, na kwamba anakaa vilevile kwa muda mrefu hata baada ya salamu kwisha. Niliona amepungua. Niliona kanga haikulala vizuri katikati ya mabega, imeinuka kidogo, nikadhani ameifunga vibaya. Yote hayo niliyaona. Kisha nikapanda baiskeli.

Mariamu akasema, "Mama anajikwaa siku hizi." Nikajibu kwamba ni uzee. Akasema, "Anatoka jasho mpaka anabadilisha nguo." Nikajibu kwamba ni joto, na ulikuwa mwezi wa saba.

Asubuhi moja wakamleta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Miguu ilikuwa imegoma kumbeba. Nesi Tatu hakuniuliza. Alimwingiza chumba cha kupimia, akavuta pazia, nami nikabaki nje yake kama mume anayesubiri mtoto azaliwe. Nilisikia kanga ikifunguliwa. Kisha sikusikia kitu. Nesi Tatu alikuwa mtu wa maneno mengi, na kimya kile kilinijulisha zaidi ya picha ya hospitali.

"Ingia," akasema.

"Siwezi kuingia, Nesi."

"Basi lete mkono."

Akanishika kifundo kupitia upenyo wa pazia, akauvuta mkono wangu ndani, akauweka juu ya uti wa mgongo. Vidole vyangu vilishuka pingili moja, mbili, tatu, halafu vikapanda juu ya kitu. Kwetu mvua ikinyesha sana udongo huondoka, na jiwe ambalo hukulijua shambani linachomoza. Ilikuwa hivyo. Nundu ngumu, ndogo, katikati ya mabega, pale kanga ilipokuwa ikiinuka. Na kutoka pale, nilijua bila peni wala pini, ubavu unaanza safari yake kuja mbele.

Hospitali walimpiga picha. Kifua kikuu kilikuwa kimekaa kwenye uti wa mgongo, kimekula pingili mbili, usaha umebana njia ya mishipa ya fahamu ya miguu. Kikohozi hakuwa nacho hata kidogo. Daktari wa huko, kijana mpole, aliniuliza maumivu ya ubavu yalianza lini. Nikamwambia. Akauliza, "Nani alikuwa anamwona?" Nikasema, "Hakuna aliyekuwa anamwona." Lilikuwa jibu la kweli kuliko alivyolielewa.

Alikunywa dawa miezi mingi. Kifua kikuu kilipona. Miguu ilirudi nusu, akaweza kutoka kitandani hadi mlangoni kwa fimbo na mkono wa mtu, lakini shambani hakurudi tena, yeye aliyekuwa akipura alizeti kuliko wanawe. Tulimchukua tukakaa naye. Ndipo nikaenda kwa wazee nikaeleza kwamba nataka kumhudumia mkwe wangu, nani wa kuniruhusu? Wazee walikaa mchana mmoja, tena bila kugombana. Nilitoa mbuzi mmoja jike na kanga moja, wakanena maneno machache, haya zikaondolewa. Hivyo tu. Nilirudi nyumbani nikaketi kwenye kizingiti. Ilikuwa inawezekana siku zote, kwa mbuzi mmoja, na sikuwahi kuuliza.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea uji, na kwa mara ya kwanza hakugeuka. Alikuwa na uso wa Mariamu, mdomo uleule wa kuficha kicheko. Nikaweka bakuli chini, nikapiga magoti.

"Mama, nimekukosea. Sikukutazama mgongo."

Alilitazama bakuli pale chini.

"Baba," akasema, "mwaka ule wote, ukija, nilikuwa nakaa nimekuelekezea pale panapouma. Mwanzo ilikuwa heshima. Baadaye hapana. Nilijua wewe ni daktari, nikasema ataona tu. Nikawa nakaa muda mrefu ili upate nafasi."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Kusema na wewe? Ningeanzaje?" Akashika bakuli kwa mikono miwili. "Na wewe kwa nini hukusema? Ungeniambia nishushe kanga, ningeshusha. Mimi nilikuwa nataka kwenda shambani, baba. Haya zilikuwa zako."

Akanywa uji. Akasema hauna chumvi.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Kila asubuhi nilimchua mgongo kwa mafuta ya alizeti, nikianzia kwenye lile jiwe na kufuata kila ubavu hadi mbele, na wakati mwingine alilala usingizi kabla sijamaliza. Siku aliyopelekwa hospitali nilikuwa nimefungua rejesta nikaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, na pembeni nikaandika kwamba ni mgonjwa wa mwaka mzima, hakuandikwa na mimi. Mkaguzi aliniuliza maana yake. Nilimweleza. Hakuna aliyenifukuza kazi. Pengine ingekuwa rahisi zaidi wangenifukuza.

Jumatatu hii ubavu wangu umerudi, nami nikarudi zahanati. Benchi lilitikisika kama kawaida. Nilipoingia nilimsalimia yule binti, na kabla hajafungua daftari nikaanza kufungua vifungo. Nikavua shati, nikalikunja, nikageuza kiti nikaelekea ukuta.

"Mzee," akasema nyuma yangu, "mbona umevua? Sijakuambia."

"Ndiyo. Hujaniambia."

Akacheka kidogo. Nilikaa nimetazama ule ukuta, rangi yake ni ileile, mwanga wa dirisha la mashariki unashuka taratibu. Nikajua jinsi ilivyo kukaa hivyo, unasubiri mtu aliyesoma aone. Ni muda mrefu sana, hata ukiwa mfupi.

Nikasikia kiti chake kikisogea.

"Samahani, Mzee. Nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma."

Nikamwonyesha. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Ulianzia pale mbele, ukafuata ubavu, ukapita kwapani, ukaja nyuma.